Choo Kilichotazama Barabara

Shemeji yangu Tomasi alipenda kuonekana. Sisemi hivyo kwa dharau. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mwinjilisti, akakua akiona wanaume wakivua kofia wanapopita mlangoni kwa baba yake, atajifunzia wapi kukaa nyuma? Nguo zake zilipigwa pasi ya mkaa hata siku ya kwenda shamba. Kanisani alikaa benchi la mbele, na wimbo ulipofika kwenye sauti ya chini, hata mgeni alijua Tomasi amekuja. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Yohana. Nilipoolewa pale, mwalimu mwenye cheti changu, yeye ndiye aliyenipokea sanduku na kuniambia, "Shemeji, hapa umefika kwa watu."

Ni kweli, nilikuwa nimefika kwa watu. Ninaandika habari zake kwa sababu wajukuu wa nyumba hii wamesikia vipande tu, tena kutoka kwa watu wa nje, na jambo la nyumba likisimuliwa na mtu wa nje hutoka na miiba. Afadhali la aibu lisemwe na wenye nyumba, kwa heshima yake na kwa ukweli wake.

Baba mkwe, Mwinjilisti Stefano, alijenga pale kabla ya Uhuru, mahali mlima unapoishia na barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi inapopita. Nyumba ilikuwa upande wa chini wa barabara. Chini ya nyumba palikuwa na migomba, na chini ya migomba palikuwa na chemchemi. Yeye aliichimba, akaijengea mawe kwa mikono yake, akaiwekea kifuniko cha mbao za mninga. Watu wakaiita Kisima cha Mwinjilisti. Hakumkataza mtu kuchota. Alisema maji ni mali ya Mungu, yeye amepewa ufunguo tu. Lakini kila aliyechota alipita uani kwetu, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kwa njia hiyo kijiji kizima kilipita mikononi mwetu kila asubuhi.

Maji yale hayakuchemshwa. Mama mkwe, Bibi Elizabeti, hakutaka kusikia habari hiyo. "Maji ya moto ni ya mgonjwa na ya mzazi," alisema. "Mgeni utampaje maji yaliyokufa?" Na kweli, katika watu wetu wa milimani, kumpa mgeni maji yaliyochemshwa kulikuwa sawa na kumwambia kuwa kisima chako unakitilia shaka. Mtungi ulikuwa wake, na mkwe hagusi mtungi wa mama mkwe. Shuleni nilifundisha somo moja, nyumbani nikakuta jingine.

Ilipofika kampeni ya Mtu ni Afya, redio ilitangaza kila jioni, nasi tukakaa vikundi vikundi kusikiliza na kusoma. Kila kaya ichimbe choo. Tomasi wakati huo alikuwa balozi wa nyumba kumi, na balozi hawezi kuwa wa mwisho. Watu wengine walichimba nyuma ya nyumba, vichakani, kama adabu ilivyotaka. Maana kwetu mkwe hamwoni mkwe mwenzake akielekea huko. Tomasi yeye alichimba mbele, juu, ukingoni mwa barabara.

Mama yake alikuja na mkongojo wake, akasimama akitazama vijana wakichimbua udongo.

"Tomasi, mwanangu, hapo ndipo mahali gani?"

"Pazuri, mama. Wageni wa kampeni wakipita na gari wataona bila kushuka."

"Na mimi nikienda wataniona bila kushuka?"

Vijana wakacheka. Tomasi akacheka pia, lakini hakusimamisha kazi. "Mama, zama zimebadilika. Choo siku hizi ni maendeleo, na maendeleo hayafichwi migombani."

Akakijenga kwa matofali ya kuchoma, akakipaka chokaa, akakiezeka kwa bati, mlango akaupaka rangi ya buluu. Wageni wakaja, gari likasimama, wakashangilia. Mmoja wao alisimama pale mlangoni akawaambia watu wa kijiji, "Ndugu zangu, huyu ndiye mwananchi!" Wakampa jembe jipya mbele ya mkutano. Hakuna aliyeuliza maji ya mvua hushuka kuelekea wapi. Wote walikuwa wakitazama mlango.

Sisi wa nyumbani mchana hatukukitumia, kwa haya. Waliokitumia ni abiria. Basi la Mikumi lilianza kusimama pale, kwanza mara moja moja, kisha kila safari. Abiria walishuka, wakapanga mstari, na Tomasi alitoka uani na shati lake safi, akawaamkia wazee, akawaonyesha ndoo ya kunawia. Walipomaliza aliwapa maji ya kisimani kwa kata. Watu wa Kilosa, watu wa Mikumi, watu wa mbali zaidi, wote walijua "pale kwa balozi". Yohana mume wangu aliniambia kaka yake hajawahi kuwa na furaha kama miaka ile, na mimi niliona hivyo hivyo.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika bondeni, upande wa Masanze, waliletwa kando ya barabara, nyumba zikapangwa kwa mistari. Miongoni mwao alikuwa Kondo na mke wake Mwanakheri. Walipewa kiwanja chini kabisa, karibu na mto. Watu wa bondeni na sisi wa milimani ni watani tangu zama za mababu, kwa hiyo Mwanakheri hakuhitaji kutambulishwa. Siku ya kwanza kuja kisimani alisimama uani na ndoo kichwani, akasema, "Hodi nyumba ya walokole! Nimekuja kuwapunguzia maji, msije mkazama."

"Karibu, mla kambale," Tomasi akajibu. "Nawa kwanza, kisima kisinuke shombo."

Wakawa hivyo kila asubuhi. Mama mkwe, aliyekuwa hacheki ovyo, alisogeza kigoda chake karibu na njia ili asikose.

Basi masika moja mvua ilizidi. Shimo la choo likajaa maji mpaka juu, na abiria bado wanashuka. Mtu mwingine angelifunga, akachimba jingine nyuma. Tomasi alingoja siku ambayo watu wote walikuwa shamba la kijiji, akachimba mfereji mwembamba kutoka shimoni, nyuma ya ukuta, ukashuka hadi kwenye migomba. Akaufunika kwa majani. Shimo likapungua, basi likaendelea kusimama.

Mwaka ule migomba yetu ilinenepa mpaka watu wakasimama kuitazama. Mwanakheri akiwa anashuka na maji yake alisimama pia, akanusa.

"Mtani, mikungu yako mwaka huu minene kama vitambi vya wakubwa. Unailisha nini?"

"Jasho langu."

"Jasho lako lina nzi."

Wanawake waliokuwa kisimani walicheka hadi mmoja akamwaga ndoo. Tomasi naye alicheka, kisha akaenda zake uani. Mwanakheri akasogeza majani kwa mguu, akauona mfereji. Akaondoka akiyumba na ndoo yake. Tangu siku ile, kama tulivyokuja kujua, nyumbani kwake alichemsha kila tone. Alikuwa amejiunga na kikundi changu cha redio, kilichoendelea hata baada ya kampeni, tena msikivu.

Mwaka wa sabini na nane kipindupindu kikaingia kwetu. Redio ilikuwa imekwisha kututajia mikoa mingine, tukadhani ni mambo ya pwani. Kwetu alianza mtoto wa jirani yetu Urbanus. Asubuhi alikuwa anacheza, jioni macho yamezama, ngozi ukiivuta hairudi. Akafa. Kisha mzee mmoja, kisha mama na mwanawe. Watu wakaanza kutazamana.

Nyumba kumi za Tomasi zilikuwa zinamtazama yeye. Balozi aseme ugonjwa unatoka wapi. Naye akasema. Alisimama kisimani asubuhi, wanawake wamejipanga, akasema ugonjwa umeletwa na watu wa bondeni, wanaooga mtoni, wanaofua mtoni, kisha wanakuja kuchovya ndoo zao humu. Wakati huo Mwanakheri alikuwa amekwisha kujaza ndoo yake na anajitwisha.

"Tua hiyo," Tomasi akamwambia.

"Mtani, leo umeamka na nini?"

"Sikutanii. Tua."

Akatua. Tomasi akaipindua ndoo kwa mguu. Maji yakamwagika miguuni mwa Mwanakheri, yakateremka njiani. "Wewe na wenzako wote wa bondeni, mto ni wenu. Huku msionekane tena."

Tulingoja amtukane. Mtani ana haki hiyo, na Mwanakheri ulimi wake haukuwa wa kukopa. Aliinama, akaiokota ndoo, akaikung'uta, akamwamkia kwa adabu mama mkwe aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, akashuka. Bibi Elizabeti akamtazama mwanawe. "Tomasi, baba yako hakumwagia mtu maji." Tomasi akasema ni kwa usalama wa kijiji.

Bwana afya alikuja na gari kutoka Kilosa, kijana anaitwa Anselmi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipita nyumba kwa nyumba. Alipofika kisimani alitazama juu, akaona mgongo wa choo kule barabarani.

"Choo kile ni cha nani?"

"Changu," Tomasi akasema. "Kilipata zawadi."

"Kinavuja?"

"Kina saruji chini mpaka juu. Hakivuji hata tone. Bwana, waulize watu wa mtoni."

Anselmi akaweka dawa kisimani, akasisitiza kila mtu achemshe maji, akasema atarudi, maana vijiji vingine vilikuwa vinamngoja. Maji yakanuka dawa. Watu walilalamika kuwa yameharibiwa ladha. Tomasi, badala ya kurudia agizo, aliwaambia wangoje dawa iishe nguvu, kisima kitajisafisha chenyewe, kilikuwa hivyo tangu siku za Mwinjilisti. Dawa ikaisha nguvu. Watu wakaendelea kuchota.

Akaugua mama mkwe. Yohana alitaka kumchukua kwa baiskeli hadi mahali gari lilipopita, lakini ugonjwa ule haungoji baiskeli. Nilimchemshia maji, nikatia chumvi na sukari kama tulivyofundishwa, akageuza uso. "Nipe ya kisimani," akasema. "Ya mume wangu." Tomasi akainuka, akaenda mwenyewe kuchota, akampa kwa kata. Akamnywesha bila kututazama. Sikuelewa wakati ule kwa nini.

Bibi Elizabeti alikufa kabla ya mchana. Anselmi alikuwa amerudi, akasema azikwe siku ile ile, asioshwe na sisi, pasiwe na kula matangani. Mke wa Mwinjilisti, aliyepaswa kulazwa kanisani na kuimbiwa usiku kucha! Akafungwa kwenye shuka lenye dawa, akatiwa kwenye jeneza la mbao za haraka. Wanaume wachache wakaruhusiwa kubeba, na mmoja alikuwa Urbanus, aliyemzika mtoto wake juzi juzi, lakini akaja kwa sababu ya heshima ya nyumba yetu.

Tulipotoka uani tukamkuta Mwanakheri ameketi katikati ya njia, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kiunoni.

Kila mtu alijua maana yake. Watani huzuia maiti. Huketi njiani, wakadai, wakachekesha, wapewe kitu kidogo ndipo wapishe. Tomasi, macho yamevimba kwa kulia, akaingiza mkono mfukoni.

"Rudisha hela zako," Mwanakheri akasema.

"Basi unataka nini, mtani?"

"Uniambie ule mfereji unapeleka wapi."

Anselmi akauliza, "Mfereji gani?" Yohana akasogea ili amwinue Mwanakheri kwa mkono. Mimi nilikasirika, kwa kuwa niliona jina la nyumba linaburutwa mavumbini mbele ya jeneza, nikamwambia, "Mwanakheri, huoni tuna msiba?"

"Naona, Mwalimu. Ndiyo maana nimekuja. Siku nyingine nikisema nitaambiwa nina chuki kwa sababu nilimwagiwa maji. Leo ni siku yangu, hamruhusiwi kunikasirikia." Akamgeukia Tomasi. Hakuwa anatania, wala hakuwa anapiga kelele. "Sisi uliotufukuza, nani amekufa? Hesabu nyumba zetu kule chini. Tunakunywa mto, tunachemsha. Hata kuku wetu wazima. Wanaokufa ni wanaopita uani kwako kusema shikamoo. Sasa niambie, mtani. Mfereji unapeleka wapi?"

Tomasi alitazama jeneza la mama yake. Nilidhani atakana. Alikuwa na sauti ya kukana, na watu wangemwamini, kwa kuwa alikuwa mtoto wa Mwinjilisti.

"Kwenye migomba," akasema.

"Na migomba inateremkia wapi?"

"Kisimani."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukukifunga choo ukachimba kingine nyuma?"

Jua lilikuwa kali, na waliobeba walianza kubadilisha mabega. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Basi lilikuwa linasimama."

Mwanakheri akainuka, akajikung'uta vumbi. "Mpitisheni mama," akasema, akasogea pembeni, machozi yakimtoka.

Urbanus alikuwa amebeba pembe ya nyuma. Alimwita kijana aliyekuja na Anselmi kumsaidia, akamkabidhi pembe yake taratibu ili jeneza lisiyumbe, akaondoka kwenda nyumbani kwake. Hakugeuka. Tukazika bila yeye.

Kesho yake Tomasi alibomoa choo. Hakukubali kusaidiwa. Chini ya maagizo ya Anselmi aliliziba shimo kwa chokaa na udongo, akaufukia mfereji, kisha akashuka kisimani. Mawe yale baba yake aliyajenga moja juu ya jingine. Yeye akayang'oa, akayatumbukiza ndani moja moja, mpaka chemchemi ikazibwa. Watu walitazama kwa mbali. Hakuna aliyekuja kusema shikamoo, maana hapakuwa na sababu tena ya kupita uani. Ugonjwa ukapungua, ukaisha. Sisi wanawake wa nyumba ya Mwinjilisti tukaanza kushuka bondeni na ndoo, tukipita mlango kwa mlango wa watu tuliowafukuza, tukisimama kungoja zamu ya kuchota mtoni. Kuna mmoja aliniambia, "Mwalimu, sogea, wewe umekuja nyuma." Nikasogea.

Tomasi aliacha ubalozi kabla hajaombwa. Kanisani akahamia karibu na mlango. Lakini kulikuwa na kazi ambayo alijua ni yake, na hakuna wa kumsaidia: kwenda kwenye nyumba zilizofiwa. Akaenda moja baada ya nyingine, mchana, watu wakimwona. Wengine walilia naye. Mjane mmoja alimtupia majivu. Alirudi nyumbani hivyo hivyo na majivu kichwani, hakuyafuta mpaka alipofika uani.

Kwa Urbanus alichelewa kwenda. Alipoamua, alimwomba Yohana amsindikize, lakini Yohana alikuwa na homa, nikaenda mimi. Urbanus alikuwa kibarazani akichonga mpini wa jembe. Hakutukaribisha kukaa, wala hakutufukuza. Tomasi akasema yote: choo, mfereji, basi, na kwamba alijua.

Urbanus alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mtoto alipoanza kuumwa nilikuja kwako. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuuliza nimpe nini."

"Ulinijia na kibuyu," Tomasi akasema. "Nilikuchotea mwenyewe. Nilikuambia maji ya Mwinjilisti ni dawa, mpe kwa wingi."

"Nilimpa kwa wingi," Urbanus akasema. "Alikuwa hataki, nikamlazimisha, nikamwambia ni ya kwa balozi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Tomasi alipiga magoti pale chini, suruali yake iliyonyooshwa ikaingia vumbini. Urbanus akaushika mpini wake, akaugeuza, akautazama kama anatafuta ulipopinda.

"Inuka, Tomasi. Nimekusikia. Usije tena."

Tomasi aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Alilima, aliwalea watoto wa Yohana nilipobaki mjane, na aliwachapa kwa neno kali kila walipokunywa maji mabichi. Yote hayo ni mema, nami nayashuhudia. Urbanus alikutana naye njiani maisha yote, akampisha njia kama mtu anavyompisha mgeni, bila salamu. Tomasi naye alivua kofia kila mara, akasimama nayo mkononi mpaka mwenzake apite.

Watu wakiniuliza kama nyumba yetu ilisamehewa, nawaambia wengi walitusamehe. Lakini mwenye mtoto hakutusamehe, na hatuna haki ya kumdai.